Jina Nililokata Bila Shahidi

Juzi nilipita kwenye karakana moja kando ya Gikomba. Sikwenda kwa kazi. Macho yangu yamechoka na mkono wa kulia unatetemeka hata nikishika kikombe cha chai. Nilikwenda kunusa vumbi la mawe tu. Nikamkuta binti mmoja ameketi mbele ya kompyuta anakula mahindi ya kuchoma, huku mashine inakata jina la marehemu kwenye jiwe jeusi. Nikamuuliza ni nani aliyelithibitisha lile jina. Akacheka kwa adabu.

"Shosho, siku hizi wanatuma kwa simu, una-paste tu. Wakikosea, si ni wao?"

Nilitoka pale. Simlaumu, mashine yake inamaliza kwa dakika chache kazi iliyokuwa ikinichukua siku mbili, na herufi zake zimenyooka kuliko zangu zilivyowahi kunyooka. Lakini neno lile, "si ni wao", mimi nililisema kabla yenu, na mpaka leo nikilikumbuka mshtuko unanirudia hapa kifuani. Kwa hiyo nyinyi mnaoshika kazi hii sasa, toeni hivyo vitu masikioni mnisikilize kidogo.

Mimi ni Ndunge, ingawa Eastlands nzima ilinijua kama Mama Herufi. Nilifundishwa kazi na Fundi Kilonzo, Mkamba mwenzangu aliyeanza kwa kuchonga vinyago vya twiga, akachoka na twiga, akahamia mawe. Alisema twiga wake walipanda ndege kwenda Ulaya asiwaone tena, lakini jiwe la kaburi mtu unaweza kulitembelea ukaona ulivyoharibu. Miaka miwili ya kwanza alinipa kazi ya kujaza rangi kwenye herufi alizokata yeye. Nilidhani ananidharau. Kumbe alikuwa ananifundisha kuona, maana ukijaza rangi ndani ya herufi elfu moja unajua kila mahali tindo ilipopita vibaya.

Siku aliyoniruhusu kuchora maneno yangu mwenyewe, nilianzia kushoto kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilikata KWA MPENDWA BABA YETU, herufi kubwa za kupendeza, nikafika ukingoni jiwe limeisha na mimi sijaisha. Ilibaki BABA YE. Familia ilipokuja, kijana mkubwa akasimama akasoma, akauliza Baba Ye ni nani. Kilonzo alicheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa simiti, na kicheko kilipokwisha akaniambia niende nikasugue jiwe lote kwa msasa mpaka lirudi kuwa uso mtupu. Nilisugua siku nne. Tangu hapo nilihesabu herufi kwanza, nikatafuta ya katikati, nikaanzia hapo kwenda pande zote mbili. Fanyeni hivyo hata kama mashine inawahesabia, ili siku stima ikipotea msibaki mnaitazama.

Kuhusu tindo, sikilizeni mlio wake. Tindo yenye makali inalia kwa sauti nyembamba. Sauti ikiwa nzito ujue ncha imekufa, na ukiendelea utabandua kipande cha jiwe utakachokijutia. Zangu zilitengenezwa na Mzee Paulo Makokha, Mluhya mpole aliyekuwa na kibanda cha uhunzi pale pale Gikomba. Alizifua kutoka springi za lori. Alizipasha moto, akangoja chuma kigeuke rangi ya majani makavu, ndipo akakizamisha kwenye mafuta machafu ya gari. Sekunde moja kabla, kitavunjika. Sekunde moja baadaye, kitapinda. Kwa miaka zaidi ya kumi na tano alininolea tindo kila wiki, tukinywa chai pamoja, na nilidhani namjua.

Sasa nifike kwenye sheria ya Kilonzo. Jina lichorwe kwa penseli kwanza. Kisha aitwe mtu aliyekula na marehemu, asimame mbele ya jiwe, asome au asomewe, na kwa mkono wake mwenyewe atie alama ya chaki pembeni. Si karani, si mchungaji, si mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Mtu aliyekula naye. Kilonzo aliweka sheria hiyo kwa sababu zamani aliwahi kukata jina ambalo marehemu alilitumia kazini, na siku ya kuweka jiwe watoto wake wakasimama kaburini wakiulizana ni nani huyu aliyelala juu ya baba. Bila chaki, tindo haikugusa jiwe. Wateja walituona wasumbufu, wengine wakahama wakaenda kwa mafundi wa haraka.

Katikati ya miaka ya tisini, wazee wa mtaa wetu, si mbali na soko la Burma, waliamua kuweka jiwe la kuwakumbuka vijana waliokwenda vita vya Wazungu wasirudi. Soko lenyewe lilibeba jina la huko walikopigana, lakini majina ya waliokufa hayakuwa popote. Katibu wa kamati alikuwa Mwalimu Auma, mwanamke mstaafu aliyezungumza na watu wazima wote kama wamechelewa kuleta hesabu. Akaniletea orodha ya majina kumi na manne, yametoka kwenye vichwa vya wazee na kwenye karatasi moja kuukuu. Jiwe lingesimama mbele ya ukumbi wa mtaa, na lingefunuliwa Jumapili baada ya ibada.

Fundi Kilonzo hakuwepo. Mkokoteni wa marobota ya mitumba ulikuwa umemgonga ukamvunja mguu, naye amelala nyumbani Makongeni akiwatukana wasukuma mikokoteni wote kwa majina. Kwa hiyo kazi ilikuwa yangu peke yangu, kwa mara ya kwanza, na nakiri nilivimba kichwa.

Wiki ile jamaa walikuja mmoja mmoja kutia chaki. Alikuja bibi mmoja akatia alama ya kaka yake, kisha akakataa kuirudisha chaki, akaondoka nayo kwenye mkoba. Mzee mwingine alitaka kwanza kunieleza kwamba binamu yake hakuwa mtu wa kushiba. Kufikia Jumatano asubuhi majina kumi na matatu yalikuwa na chaki. Lililobaki ni HEZRON LUBANGA.

"Huyo hana mtu," Mwalimu Auma aliniambia. "Alikuwa mtoto wa pekee. Mama yake alikufa zamani. Kuna Mzee Kimeu aliyekuwa naye huko Burma, lakini ameenda Machakos, atarudi siku ya sherehe. Wewe kata tu, mama. Jumapili haitakungoja."

Nilitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu anayenitazama isipokuwa kuku wa jirani. Nikachukua chaki nikatia alama mwenyewe. Nikajiambia, orodha si yangu, wakikosea ni wao. Kufikia jioni jina lilikuwa limekatwa, na wallahi lilitoka vizuri kuliko yote.

Alhamisi asubuhi Mzee Paulo alikuja na tindo zangu zimefungwa kwenye gunia. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha ngumbaru, na alipenda kusoma kila kitu kwa sauti, hata pakiti za chumvi. Akaanza juu ya jiwe, kidole kikifuata herufi. Alisoma la kwanza, la pili, la tatu. Alipofika la tisa, sauti ikakatika. Nikageuka nikidhani amekwama kwenye herufi. Alikuwa amepiga magoti.

"Mzee, vipi? Ni kifua?"

"Ndunge," akasema, "nani amekuambia huyu amekufa?"

"Kamati, Mzee. Alikufa vitani."

"Huyu ni mimi."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikadhani ni mzaha. Kisha nikauona uso wake. Nikakaa chini vumbini mbele yake, tindo bado mkononi. Nilikuwa nimemzika mtu ninayekunywa naye chai.

Alinieleza pale pale, polepole, akisimama kila mara kuvuta pumzi. Nitawaeleza kwa kifupi, na kwa kuwa nyinyi hamkuyaona, nianze na kipande. Wakati wa mkoloni kila mwanamume Mwafrika alivaa shingoni kijikopo cha chuma, ndani mna karatasi yenye jina lake, alama za vidole na maneno ya kila bwana aliyemwajiri. Ukiacha kazi bila bwana kutia sahihi, wewe ni mtoro, na popote utakapoonyesha karatasi ile utafungwa. Hezron na Paulo walikuwa vijana wawili marafiki, wamekuja Nairobi pamoja kutoka magharibi, vijiji jirani. Paulo alikuwa ametoroka shamba la kahawa alikopigwa, kwa hiyo kipande chake kilikuwa kimeharibika. Hezron kipande chake kilikuwa safi, lakini karani wa bwana wake alikuwa ameliandika jina lake kwenye orodha ya wanaokwenda jeshini.

"Niliogopa," Mzee aliniambia. "Mimi nilikuwa mtoto wa pekee wa mama. Paulo akasema, nipe chako, mimi nitakwenda. Jeshini hawatanitafuta kwa utoro. Wewe kaa na changu mpaka nirudi, tutabadilishana. Tulivua vijikopo tukavalishana. Tulicheka, Ndunge. Tuliona tumewaweza Wazungu."

"Na vidole?"

"Siku ile nani alikuwa na muda wa kutazama vidole? Walitazama meno."

Paulo akaenda kama Hezron, akafa kama Hezron. Hezron akakamatwa kama Paulo, akafungwa miezi kwa utoro ambao si wake, akatoka, akasikia kwa watu wa kwao kwamba mama yake amenyoa nywele za matanga, ameambiwa mwanawe amekufa vitani. Mara tatu alifika kituo cha basi, mara tatu akarudi. Kwao, mtu aliyekwisha kuliliwa matanga haingii tu langoni akasema habari za asubuhi. Na angeingia, wangeuliza aliyekufa ni nani. Basi akabaki. Akaoa kama Paulo, akabatizwa kama Paulo, watoto wake wakaandikwa jina la Makokha shuleni.

Nilimuuliza kwao Paulo walijua nini. Hapo ndipo alipolia.

"Wanajua Paulo yuko hai. Wanajua yuko Nairobi anafanya kazi, na hataki kurudi. Mama yake alituma watu, nikajificha. Akatuma tena. Alikufa akimngoja. Dada yake mdogo, Trufena, anauza mboga Huruma. Alikuja mara moja mpaka Gikomba akiuliza Paulo Makokha, nikaingia nyuma ya mivukuto. Wakamwambia ameenda nyumbani. Ndunge, mimi nanunua mboga kwake kila Ijumaa. Ananiita Baba Naomi."

Nimeona majeneza mengi katika kazi hii, nimeona watu wakizirai juu ya mawe yangu, lakini sikuwahi kupigwa na butwaa vile. Watu wawili, mmoja amekufa kwa jina la mwenzake, mwingine anaishi kwa jina la aliyekufa. Na mimi nilikuwa nimelitia muhuri kwenye jiwe la mtaa, kwa chaki niliyojitilia mwenyewe.

Mzee alinishika mkono. "Liache hivyo hivyo. Nikisema, nitakuwa nimemuua kaka yake Trufena mbele ya macho yake. Na wazee wale wa vita wataniita mwoga. Watoto wangu wataambiwa jina lao limeibwa. Liache, mwanangu."

Nawaambia ukweli, nilitaka kuliacha. Lingenifaa hata mimi. Nilikwenda Makongeni kwa Kilonzo nikitumaini ataniambia ninyamaze. Alisikiliza yote, mguu wake umeinuliwa juu ya mto, kisha akauliza swali moja tu.

"Chaki alitia nani?"

"Mimi."

Akageuza uso ukutani. Angenitukana ningefurahi. Akasema bila kunitazama, "Kufuta hutaweza, utaacha shimo. Chini ya jina kuna nafasi ya mstari?"

"Ipo."

"Basi nenda umtafute aliyekula na huyo Paulo."

Ijumaa nikaenda Huruma. Nilimkuta Trufena amekaa nyuma ya mafungu ya mrenda na kunde, mwanamke mfupi mwenye sauti inayosikika ng'ambo ya Mathare. Nilijifanya nachagua mboga. Mzee Paulo alikuwa tayari pale, akaniona, akawa kama mti. Ili kusema kitu, mteja mmoja akataja lile jiwe la askari lililokuwa likisemwa mitaani.

"Heri ya hao," Trufena akasema, akifunga mrenda. "Heri wao walikufa. Wangu hakwenda vita yoyote. Wangu yuko hapa hapa mjini anatukimbia. Mama aliingia kaburini akisema, nimemkosea nini Paulo? Miaka hamsini hata salamu. Mimi nikimwona nitamtemea mate. Baba Naomi, nikuongeze kunde?"

Mzee aliipokea mboga kwa mikono miwili. Nilielewa kwamba maneno yale ameyasikia kila Ijumaa, miaka yote, na kila Ijumaa amerudi kuyasikia tena. Nadhani ndicho kifungo alichojifunga. Lakini siku ile alinitazama mimi, akaona kwamba mimi pia nimesikia, na hakuweza tena.

"Mama," akamwambia Trufena, "Jumapili njoo kwenye lile jiwe. Njoo baada ya kanisa. Nakuomba."

"Kwani nina nini na jiwe?"

"Njoo tu."

Jumapili watu walijaa mbele ya ukumbi. Wazee waliorudi kutoka vitani walikuwa wamekaa mbele kwenye viti, nishani zimeng'arishwa, mmoja amevaa koti ambalo halifungi tena. Mchungaji akaomba. Mwalimu Auma akavuta kitambaa, akaanza kusoma majina kama anaita rejista, na kila jina jamaa wakaitikia. Alipofika la tisa palikuwa kimya. Akasoma tena, "Hezron Lubanga."

"Niko," akasema Mzee, akasimama.

Mwanzo watu walidhani amechanganyikiwa. Mwalimu Auma akamwambia kwa upole akae, mzee, jua ni kali. Hakukaa. Alisema yote. Alisema alivyoogopa, alivyovua kijikopo, alivyongoja. Hakujitetea hata mahali pamoja. Nilikuwa nimesimama pembeni na mfuko wangu wa vifaa, nasikia watu wakivuta pumzi kila sentensi, na mwanamke nyuma yangu akirudia, "Yesu wangu, Yesu wangu." Binti wa Mzee, Naomi, alikuwa amefunika mdomo kwa viganja vyote viwili.

Mzee Kimeu, yule aliyetoka Machakos, akainuka kwa mkongojo. Nilijua sasa ndipo tusi litakapotoka.

"Unasema Hezron wetu si Hezron? Mimi nilimbeba Hezron! Alikuwa akiimba akioga. Alikuwa na kidole kimoja hakina ncha, akishika bunduki tunamcheka."

"Kidole gani?"

Ilikuwa sauti ya Trufena, kutoka kule nyuma. Watu wakampisha. Alikuja akisukuma mabega ya watu mpaka mbele ya Mzee Kimeu.

"Kidole gani, baba?"

"Cha mwisho. Mkono wa kushoto."

Trufena alikaa chini ghafla, pale pale kwenye changarawe, na kitambaa chake cha kanisani kikaanguka. "Ni mimi," akasema. "Tulikuwa tunalima. Ni mimi nilimkata na jembe."

Kisha Trufena akaanza kupiga ardhi kwa kiganja, si kwa kulia bado, kwa kupiga tu, akisema mama yake alikosea, mama yake alimsema vibaya mtu aliyekwisha kufa, na yeye pia, kila siku, mbele ya wateja. Ndipo akainuka. Akamwendea Mzee akamzaba kofi moja ambalo nililisikia kwenye meno yangu.

"Kila Ijumaa! Unakula mrenda wangu kila Ijumaa! Nakuongeza kunde, mimi!"

Akamzaba la pili. Hakuna aliyemzuia, hata Naomi. Mzee alisimama na kupokea. Mkono ulipoinuka mara ya tatu haukushuka. Ulimshika kwenye kola, akamlilia kifuani huku bado amemkaba. Hapo ndipo na mimi nilipolia, na Mzee Kimeu, na Mwalimu Auma aliyeikunja orodha yake mara nne bila kujua anachofanya.

Nikasogea mbele ya jiwe. Niliwaambia watu kosa ni langu pia, kwamba kuna sheria ya kazi niliivunja, na kwamba naomba kulisahihisha mbele yao. Nikauliza lile jina la Hezron nilifanyeje. Mzee Kimeu akawa mkali kama ninataka kumwibia.

"Usiliguse! Sisi tulimwita hilo. Alikufa akiitika hilo. Ongeza alilopewa na mama yake chini."

Basi nikachora kwa penseli, nikianza na herufi ya katikati, na nikamsomea Trufena herufi moja moja kwa kuwa hakujua kusoma: JINA LAKE PAULO MAKOKHA. Akatia chaki pembeni kwa mkono wake mwenyewe, nikakata pale pale juani. Ilichukua mchana kutwa. Nilidhani watu watakwenda kula; hawakwenda. Walileta viti, wakaleta chai, wanawake wakaimba polepole, na tindo za Mzee zililia nyembamba mpaka mwisho. Hiyo ndiyo kazi yangu mbaya kuliko zote kwa sura, mstari umepinda kidogo kuelekea kulia kwa sababu machozi yalinizuia kuona. Nendeni mkaitazame. Sitaki mtu ainyooshe.

Nilipomaliza na kupuliza vumbi, Mzee alikuwa bado amesimama, kofia mkononi, shavu limevimba. Alitazama jiwe, majina yote mawili aliyowahi kuitwa yakiwa juu yake, na yote sasa ni ya marehemu. Akamwuliza Trufena, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa, "Sasa mimi nitaitwa nani?"

Trufena alikuwa anajifunga kitambaa kichwani. Alikifunga kwanza, akakaza fundo.

"Mama aliniambia kitandani, Trufena, usimwache Paulo mjini, mlete nyumbani. Nilimwahidi. Nimekutafuta miaka yote hiyo. Unafikiri nitarudi kwenye kaburi lake kumwambia nimepata mstari kwenye jiwe?" Akachukua kikapu chake akakitundika mkononi mwa Mzee. "Utaitwa Paulo, na kesho unapanda basi na mimi."